Ukitaka kuziona siasa za mpira, tazama jukwaa kuu

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, mashindano makubwa yakianza kaka yangu mkubwa ndiye mchambuzi na sisi wengine ni wasikilizaji. Hilo siligombi, mpira anaujua. Ninachogombana naye ni ile kauli yake: "Siasa tuwaachie wanasiasa, sisi tutazame mpira." Aliitoa mwaka 2022 wachezaji wa Ujerumani walipopiga picha ya kikosi wakiwa wamejiziba midomo. Aliirudia wachezaji wa Iran walipogoma kuimba wimbo wao wa taifa kabla ya kucheza na Uingereza. Najua ataitoa tena. Nimeona nimjibu kwa kirefu, na kwa kuwa ujumbe mrefu kwenye kundi lile hausomwi na mtu, nauweka hapa.

Kaka, tuanze na jambo ambalo nadhani litakuuma kidogo. Bila siasa, huenda ungesubiri miaka mingi zaidi kabla ya kupata timu ya Afrika ya kuishangilia kwenye Kombe la Dunia.

Mwaka 1964 FIFA iligawa nafasi za Kombe la Dunia la 1966, lililopangwa kufanyika Uingereza. Timu zilikuwa 16. Ulaya ikapewa nafasi 10 ukimhesabu mwenyeji, Amerika Kusini 4, na ukanda wa Amerika Kaskazini, Kati na Karibi nafasi 1. Ikabaki moja. Hiyo moja wakaachiwa Afrika, Asia na Oceania wagombanie. Timu ingeweza kuwapiga wote barani Afrika, ikamaliza kileleni, halafu ikaambiwa bado: nenda kakutane na mshindi wa upande wa pili ndipo tujue. Na haikuwa mara ya kwanza. Morocco walipomaliza juu ya wenzao wa Afrika kuelekea Kombe la 1962, walitumwa kucheza na Uhispania, wakatolewa kwa 1-0 na 3-2.

Aliyesema hapana alikuwa Ohene Djan, mkuu wa michezo wa Ghana, mtu wa karibu wa Kwame Nkrumah. Ghana ndiyo kwanza ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1963, na Nkrumah aliutaka mpira uwe sehemu ya kazi yake ya kuiunganisha Afrika. Upande wa Ethiopia alikuwepo Tessema Yidnekatchew, mmoja wa waasisi wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mtu asiyependa kusukumwa. Kulikuwa na donda jingine pia: FIFA chini ya rais wake Stanley Rous ilikuwa imeiondolea kifungo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi mwaka 1963, ikaipangia kucheza mechi za kufuzu upande wa Asia, mbali na wale ambao wasingekubali kucheza nayo. CAF yenyewe ilipoanza mwaka 1957 pale Khartoum, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi nne za mwanzo, na ikaukosa mchuano wa kwanza kabisa wa Kombe la Mataifa kwa sababu haikuwa tayari kupeleka timu yenye watu weusi na weupe pamoja. Mashindano yakabaki na timu tatu, Ethiopia ikajikuta fainali bila kugusa mpira, na Misri ikawafunga 4-0. Kwa hiyo hata Kombe letu la Afrika lilizaliwa siasa zikiwa ndani ya chumba.

Turudi 1964. Afrika yote ikajitoa. FIFA ikatoza faini. Kombe la 1966 likachezwa bila timu hata moja ya bara hili.

Sasa angalia nani alikuwa mfungaji bora wa Kombe hilo. Eusébio, mabao 9. Alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, na alikuwa amevaa jezi ya Ureno kwa kuwa Msumbiji ilikuwa koloni la Ureno. Nahodha wake, Mário Coluna, naye mzaliwa wa Msumbiji. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vilikuwa vimeanza Septemba 1964, karibu miaka miwili kabla. Nafasi ile moja iliyobaki ikaenda kwa Korea Kaskazini, wakaitoa Italia kwa bao la Pak Doo-ik, kisha robo fainali wakatangulia kuifunga Ureno 3-0 kabla ya Eusébio kuamka na kufunga manne peke yake. Mechi ikaisha 5-3. Wewe kaka umeniambia mara nyingi kuwa hiyo ni mojawapo ya mechi bora za Kombe la Dunia. Nakubali. Ila hujawahi kuniambia kwa nini waliokutana siku ile walikuwa Korea Kaskazini na kijana wa Msumbiji aliyevaa jezi ya Ureno.

Mgomo ule ulizaa matunda haraka. Kabla ya Kombe la 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake yenyewe, na Morocco wakaenda Mexico, timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali hizo tangu Misri mwaka 1934. Miaka 36 katikati. Kila timu ya Afrika uliyowahi kuishangilia, Cameroon ya 1990, Senegal ya 2002, Ghana ya 2010, Morocco ya 2022, ilipita kwenye mlango uliofunguliwa na watu waliochanganya mpira na siasa kwa makusudi.

Hapo utaniambia, sawa, hiyo ni siasa nzuri. Twende kwenye ile mbaya.

Zaire, 1974. Mimi na wewe tumekua tukiambiwa hadithi ya yule beki wa Zaire aliyetoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu ambao Brazil walikuwa wanajiandaa kuupiga. Watangazaji wa Ulaya wamekuwa wakiionyesha kama kichekesho kwa miaka: tazama Waafrika hawajui sheria. Mwepu Ilunga hakuwa mjinga. Alikuwa bingwa wa Afrika wa mwaka huo huo, kwenye kikosi ambacho Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa moja. Timu hiyo Mobutu, rais wa Zaire, aliichukua ikawa yake. Aliwabadilisha jina kutoka Simba hadi Chui, akawapa nyumba na magari walipofuzu, akataka dunia ione Zaire mpya. Wakafungwa 2-0 na Scotland, matokeo ya heshima kwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika pale. Halafu wakasikia posho walizoahidiwa zimeyeyuka mikononi mwa maofisa. Wakataka kugoma. Wakaingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia wakiwa na mioyo iliyokwisha kufa, wakafungwa 9-0.

Mwepu alisimulia baadaye kuwa walinzi wa rais walifika hotelini wakawaambia wakifungwa manne na Brazil wasifikirie kurudi nyumbani. Brazil wakafunga matatu. Ule mpira alioupiga ulikuwa kipindi cha pili, Zaire wakiwa nyuma na Rivelino wa Brazil amesimama tayari. Alisema sheria alizijua vizuri, ila hakuona sababu ya kuendelea kuumia wakati wanaofaidi fedha wameketi jukwaani wakitazama. Isome tena hiyo ndipo uangalie ile video. Mimi sijaweza tena kuicheka.

Miezi michache baadaye Mobutu alikuwa amewaleta mabondia Ali na Foreman Kinshasa, na wale Chui alikuwa amewasahau.

Wachezaji wa Afrika hawakusahau, lakini. Brazil 2014, wa Ghana walikataa ahadi za mdomo, na serikali ikalazimika kupakia zaidi ya dola milioni 3 taslimu kwenye ndege na kuwapelekea. Watu waliwasema sana kwa tamaa. Mimi niliona vijana waliosoma historia, hata kama hawakuisoma kwenye vitabu.

Mechi ya ajabu kuliko zote kwangu, hata hivyo, ilichezwa Santiago, Chile, tarehe 21 Novemba 1973, na ilikuwa na timu moja tu. Jenerali Pinochet alikuwa amempindua Rais Allende Septemba. Uwanja wa Taifa ukageuzwa gereza, maelfu ya watu wakafungiwa humo, wengine wakateswa na kuuawa. Ratiba ikasema Umoja wa Kisovieti waje wacheze hapo mechi ya marudiano ya kufuzu, baada ya sare ya 0-0 Moscow. Wasovieti wakakataa kucheza kwenye uwanja wenye damu. FIFA ikatuma ujumbe kukagua. Wakaonyeshwa majani mazuri, wafungwa wakiwa wamefichwa chini kwenye njia za uwanja, nao wakaripoti kuwa hali ni shwari. (Bila shaka Wasovieti nao hawakuwa malaika, magereza yao tunayajua. Hoja yangu ni hao wakaguzi.) Siku ikafika, Chile wakaingia peke yao, wakaanzisha mpira, wakapasiana hadi golini kusiko na kipa, na Francisco Valdés akausukuma ndani.

Mmoja wa walioshiriki mchezo ule wa aibu alikuwa Carlos Caszely, mshambuliaji wa siasa za kushoto. Kabla ya timu kwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la 1974, Pinochet alikuja kuwaaga, na Caszely akakataa kumpa mkono. Mama yake alikamatwa na kuteswa. Mwaka 1988, Chile ilipopiga kura ya kuamua kama Pinochet aendelee, mama huyo alionekana kwenye televisheni akieleza aliyotendewa, kisha kamera ikamwonyesha mwanawe Caszely aliyesema atapiga kura ya hapana kwa sababu huyo ni mama yake. Pinochet akashindwa. Na kwa wapenda takwimu kama wewe: Caszely ndiye mchezaji wa kwanza kuonyeshwa kadi nyekundu kwenye Kombe la Dunia, mwaka ule wa 1974.

Madikteta wenyewe sitawapa nafasi kubwa, hadithi zao zinafanana. Mussolini wa Italia mwaka 1934 alitengeneza na kikombe cha ziada chenye cheo chake, kikubwa kuliko Kombe la Dunia lenyewe. Videla wa Argentina mwaka 1978 alimkabidhi nahodha Passarella kombe huku ESMA, kituo cha jeshi la majini walikoteswa wapinzani, kikiwa mwendo mfupi kutoka uwanja wa fainali. Walionusurika wamesimulia jinsi walivyosikia kelele za mabao kutoka huko ndani. Kabla ya Argentina kuifunga Peru 6-0, ikihitaji ushindi wa mabao manne, Videla aliingia chumba cha kubadilishia nguo cha Peru. Wachezaji wa Peru wameeleza hivyo wenyewe. Mambo ya rushwa siyasemi, lakini mkuu wa utawala wa kijeshi kwenye chumba cha wapinzani saa ile hakwenda kusalimia.

Ndiyo sababu mimi mechi kubwa huanza kuitazama kabla ya filimbi. Wakati wewe unasoma vikosi, mimi natazama jukwaa kuu: nani amekaa karibu na rais wa FIFA, nani kamera inamrudia, nani hayupo.

Sasa Drogba, maana najua utamleta. Oktoba 2005 Ivory Coast walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya kuifunga Sudan 3-1 kule Omdurman. Nchi ilikuwa imegawanyika tangu vita vya 2002, kaskazini waasi, kusini serikali. Kwenye chumba cha kubadilishia Drogba akashika kipaza sauti, akapiga magoti na wenzake mbele ya kamera, akawaomba wananchi waweke silaha chini. Juni 2007 timu ikaenda kucheza Bouaké, ngome ya waasi, ikaifunga Madagascar 5-0. Ni picha nzuri, nami hunisisimua. Ila watu wanapenda kuishia hapo na kusema Drogba alimaliza vita. Mkataba wa amani ulisainiwa Ouagadougou Machi 2007 na wanasiasa, kwa sababu zao. Na uchaguzi wa mwishoni mwa 2010 ulipoharibika, watu wapatao 3,000 walikufa katika nchi ile ile, Drogba akiwa bado nahodha. Mpira ulifungua mazungumzo, na hilo si dogo. Lakini ukiubebesha kazi ya kuponya nchi nzima, unawapumzisha wale waliolipwa mishahara kuifanya.

Upande wa pili wa shilingi ni Nigeria 1996. Serikali ya Abacha ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa Novemba 1995, Mandela akalaani hadharani, na Abacha akaiondoa timu kwenye Kombe la Mataifa lililochezwa Afrika Kusini. Nigeria walikuwa mabingwa watetezi. Mashindano yakabaki na timu 15, Afrika Kusini wakabeba kombe, na CAF ikawafungia Nigeria mashindano yaliyofuata pia. Kizazi kile kilitwaa dhahabu ya Olimpiki Atlanta mwaka huo huo wa 1996. Kwenye Kombe la Afrika hakikuonekana hadi 2000. Abacha hakupoteza hata dakika moja ya kucheza.

Kuhusu FIFA kusema haichanganyi: Februari 2022 ilichukua siku nne tu tangu Urusi ivamie Ukraine kuifungia timu ya Urusi. Mimi niliunga mkono. Novemba mwaka huo huo, viongozi wa FIFA wakaziandikia timu zilizokwenda Qatar kwamba zijikite kwenye mpira, na nahodha atakayevaa kitambaa cha OneLove, cha kupinga ubaguzi, akatishiwa kadi ya njano saa chache kabla ya mechi. Marekani na wenzake walipovamia Iraq mwaka 2003 hakuna aliyefungiwa kitu. Serikali ikigusa chama cha mpira cha nchi yake, FIFA inafungia. Mwaka 2010 Rais Goodluck Jonathan alijaribu kuiondoa Nigeria mashindanoni miaka miwili akalazimika kurudi nyuma ndani ya siku chache. Lakini serikali hiyo hiyo ikijenga viwanja, ikilipa ndege na kusamehe kodi, hiyo haiitwi kuingilia.

Na uenyeji wa Kombe la Dunia la 2026 ulipatikanaje? Aprili 2018 Donald Trump aliandika mtandaoni kwamba itasikitisha iwapo nchi ambazo Marekani huzisaidia zitalipinga ombi la Marekani. Juni, mjini Moscow, Marekani, Canada na Mexico wakapata kura 134, Morocco 65. Kura kadhaa za Afrika zilikwenda kwa wakubwa. Siwezi kusema ni kwa ajili ya ule ujumbe, maana ombi la Amerika liliahidi fedha nyingi zaidi, na fedha nazo hupiga kura. Desemba 2025, kwenye droo mjini Washington, rais wa FIFA, Infantino, akamkabidhi Trump tuzo mpya ya amani ya FIFA. Baada ya hapo sijui kaka utanitumia kauli gani.

Nikuache na Haiti. Tangu 1974, ule mwaka wa Zaire, hawakuwahi kurudi Kombe la Dunia. Novemba 18, 2025 wakafuzu kwa kuifunga Nicaragua 2-0, tarehe ambayo Wahaiti huadhimisha ushindi wao wa 1803 dhidi ya jeshi la Ufaransa pale Vertières. Mechi yao ya "nyumbani" walichezea Curaçao, kwa kuwa magenge yameshika Port-au-Prince. Kocha wao Sébastien Migné ni yule yule aliyeifundisha Harambee Stars. Miezi mitano kabla, Juni 2025, Marekani ilikuwa imetangaza zuio la kuingia nchini kwa raia wa nchi kadhaa, Haiti na Iran zikiwemo. Wachezaji na makocha wakaachiwa mlango. Mashabiki hawakuachiwa. Mhaiti aliyesubiri miaka 52, mwenye fedha ya tiketi na nauli, ataitazamia mechi yake kwenye runinga, halafu mtu atamtumia ujumbe kwamba siasa tuwaachie wanasiasa.